Jioni ya utamaduni redioni: namna ya kuandaa saa mbili za mazungumzo, mchezo wa kuigiza na muziki Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa redio ya jamii yenye studio moja, watu wanne au watano na bajeti isiyojaza mfuko. Kinachotafutwa ni saa mbili za usiku mmoja kila wiki ambazo msikilizaji wa Tukuyu, Mafinga, Makete au Vwawa atazisubiri.

Amueni kwanza kipi kitarekodiwa na kipi kitakuwa mubashara. Mazungumzo na mchezo virekodiwe, vihaririwe na kusikilizwa mpaka mwisho siku mbili kabla. Mubashara abaki mtangazaji, simu na ujumbe wa wasikilizaji. Mchezo mubashara una raha yake, lakini mwigizaji mmoja akikwama na mvua Uyole, usiku mzima umeharibika na hakuna cha kuweka badala yake.

Siku na saa

Vituo vingi hujiunga na TBC Taifa saa 2:00 usiku kwa taarifa ya habari. Anzeni saa 2:30, mwapate watu ambao redio yao tayari imewashwa. Juni na Julai, baridi ya Njombe na Makete huwaingiza watu ndani mapema na mnaweza kwenda mpaka saa 4:30 bila kuwapoteza. Novemba na Desemba, msimu wa kupanda, mkulima amelala saa 3:30. Miezi hiyo mchezo usivuke saa 3:25. Ijumaa na Jumamosi kuna harusi na mikesha. Kabla ya kutangaza siku, angalieni ratiba ya Ligi Kuu: usiku wa Simba na Yanga hakuna mchezo wa redio utakaosikilizwa, hata uwe mzuri namna gani.

Mpangilio huu wa dakika unafanya kazi:

2:30 jingo (muziki mfupi wa utambulisho), salamu, yaliyomo (dakika 3)
2:33 wimbo (4)
2:37 mazungumzo (8)
2:45 nyimbo mbili na maelezo yake (10)
2:55 matangazo, kisha kionjo cha mchezo (5)
3:00 mchezo (22)
3:22 wimbo (4)
3:26 simu na ujumbe (16)
3:42 ngoma na ala za asili zilizorekodiwa vijijini (20)
4:02 matangazo (3)
4:05 shairi au hadithi (7)
4:12 muziki wa dansi (10)
4:22 kufunga (3)

Dakika tano za mwisho ni akiba, na zitaliwa tu. Mchezo umewekwa saa 3:00 kamili kwa makusudi: mtu anaweza kumwambia jirani "saa tatu" bila kufafanua. Mkichelewa, kata muziki. Usikate mchezo wala simu. Kwa hiyo kila fungu la muziki liwe na wimbo mmoja unaoweza kuondolewa, na pembeni kuwe na muziki mtupu usio na maneno, dakika kama sita, wa kujazia pengo. Huo unaweza kuuzima popote bila kumkata mwimbaji katikati ya neno.

Mazungumzo

Msomaji wa mwendo wa kawaida husoma Kiswahili maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Dakika nane ni maneno 900 hivi. Anayeleta kurasa sita atakimbia, na anayekimbia hasikiki.

Mada iwe swali moja. "Historia ya Wahehe" haiingii katika dakika nane. Swali hili linaingia: Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo Agosti 1891, kwa nini boma la Mkwawa la Kalenga, lenye ukuta wa mawe, lilianguka Oktoba 1894? Hapo una ukuta, una mizinga, na una mahali pa kumalizia, kwa sababu fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954 na msikilizaji wa Iringa anaweza kwenda kuliona kwenye makumbusho ya Kalenga. Songwe nako: kimondo cha Mbozi kinakadiriwa kuwa na tani 16, mbona hakina shimo mahali kilipoangukia? Jibu (kilianguka zamani sana kiasi kwamba alama zote zimefutika) linachukua nusu dakika. Saba na nusu zinazobaki ni za kumwandaa msikilizaji alitamani jibu hilo.

Katika kuandika, sentensi moja ibebe jambo moja. Tarakimu zisizidi tatu au nne kwa mazungumzo yote. Jina la mtu lirudiwe, kwa maana aliyekwenda kuongeza kuni hajui "yeye" ni nani. Miaka iandikwe kwa maneno kwenye karatasi ya msomaji kama ana kawaida ya kujikwaa.

Mzee asiyesoma karatasi usimlazimishe. Mfuate nyumbani, umwamkie, ukae, urekodi dakika 40 ili upate nane. Usiitikie "ndiyo, ndiyo" au "mh" kila anapopumua. Itikia kwa kichwa. Mihemo ya mhoji juu ya sauti ya mzee haiondoki kwenye uhariri. Mwisho mwombe arudie kwa kifupi, kana kwamba anamweleza mjukuu aliyetoka Dar es Salaam. Mara nyingi marudio hayo ndiyo yanayokwenda hewani.

Kuhusu lugha: kanuni za maudhui ya utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine kwa kibali maalumu. Nyimbo za Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kikinga zitambulishwe kwa Kiswahili na maana yake ielezwe. "Kamwene" au "Ugonile" moja mwanzoni inatosha kumwambia msikilizaji kwamba mko nyumbani kwake.

Mchezo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo na ndipo vituo vingi huharibu.

Mswada wa dakika 22 ni maneno 2,000 hivi ya mazungumzo. Nafasi iliyobaki ni ya milio, vituo vya kimya na jingo la mchezo. Gawa katika maonyesho matano au sita ya dakika tatu hadi tano. Onyesho moja lisizidi sauti nne. Zikifika tano msikilizaji ameanza kukisia nani anasema, na akikisia mara mbili anabadilisha stesheni.

Kosa la kwanza la waandishi wapya ni kumfanya mhusika aeleze kinachoonekana: "Tazama mama, gunia lako la viazi limejazwa kupita kiasi na mnunuzi anataka kukudhulumu!" Hakuna anayesema hivyo gulioni. Mlio utangulie, watu wagombane, msikilizaji ataona mwenyewe:

MLIO: gunia linaburutwa, kamba inavutwa.
MAMA: Hapo hapo, Sanga. Shona hapo.
SANGA: Bado, mama. Tuongeze lumbesa.
MAMA: Lumbesa gani? Gunia limeshafika mdomoni.
SANGA: Tajiri amesema bila lumbesa hapakii.

Kwa mistari minne tunajua tuko kwenye kujaza magunia, tunajua jina la kijana, tunajua kuna tajiri ambaye hajatokea, na tunajua ugomvi utakuwa wa nini. Jina litajwe ndani ya mistari mitatu ya kwanza ya kila onyesho, hata kama lilitajwa onyesho lililopita.

Chagua waigizaji kwa sikio. Wasimame nyuma ya pazia, wasome mistari mitano mitano, wewe ukiwa umefumba macho. Vijana wawili wenye sauti zinazofanana, mmoja apewe kazi nyingine. Kumwambia "badili sauti" huzaa sauti ya katuni inayomchosha mwigizaji kabla ya onyesho la tatu. Na lafudhi isiwe kichekesho. Aliyezaliwa Tukuyu aseme anavyosema siku zote. Kuigiza Mnyakyusa au Mhehe kwa kukoroga matamshi huwachekesha wachache na kuwaudhi waliolengwa na kipindi.

Siku ya kurekodi tengeni muda wa saa nne kwa kundi lisilo la kulipwa:

1. Someni mezani mara mbili, mara ya pili kwa saa ya kuhesabu. Ikizidi dakika 23, kateni hapo hapo kwa kalamu, msiache kwa mhariri.
2. Simu zote zitoke chumbani. Simu iliyo karibu na waya wa maiki huacha mlio wa "dri-dri-dri" kwenye sauti, hata ikiwa kimya.
3. Chumba kisiwe na mwangwi. Magodoro mawili yakisimamishwa ukutani na mablanketi mazito kwenye kamba nyuma ya waigizaji yanatosha. Zima friji. Weka laptop nje ya meza ya maiki.
4. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isielekee pumzi moja kwa moja. "Pamoja", "peponi" na "bibi" ndizo zinazopasua maiki iliyowekwa mbele ya mdomo.
5. Kilele cha sauti kicheze kati ya dezibeli −12 na −6. Ukelele mkubwa ujaribiwe kwanza. Mwigizaji arudi nyuma hatua moja anapopiga kelele, fundi asikimbizane na kitufe cha sauti.
6. Rekodi kwa WAV, mono. Dakika moja hula MB 5 hivi, hivyo hata flashi ndogo inabeba mchezo mzima na marudio yake.
7. Kila onyesho lirekodiwe mara mbili mfululizo. Ya pili kwa kawaida ndiyo nzuri. Ya tatu ni ya kujikinga tu, na watu wameanza kuchoka.
8. Kabla ya kuondoka, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba. Mhariri atazitumia kuziba mapengo. Ukimya wa kompyuta husikika kama shimo.

Kurasa zisibanwe pini. Kila mwigizaji azitandaze juu ya kitambaa na kusogeza moja bila kugeuza.

Mtu anayefika kutoka mbali aanze hatua nne nyuma, amegeuka, kisha aje huku akisema. Fundi akifanya hivyo kwa kupandisha sauti polepole, sikio linagundua: sauti inakua lakini chumba hakibadiliki, na mhusika anaonekana kama anayefunguliwa kwenye mtungi.

Msimu wa mvua una adui wake, nao ni bati. Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka maeneo mengi, na studio nyingi hazina dari la maana. Kuanzia Novemba hadi Aprili rekodini asubuhi, maana mvua nyingi hushuka mchana na jioni. Bati hilohilo liko juu ya kichwa cha msikilizaji pia: usiku wa mvua mistari ya kunong'ona haifiki. Mwandishi akitaka siri, watu waseme polepole kwa sauti ya kawaida, wasinong'one.

Milio mingi ipatikane kwa vitu halisi. Jembe kwenye beseni la udongo wenye unyevu linasikika kama shamba. Jembe kwenye udongo mkavu linasikika kama sufuria. Nyayo za njia ya shambani ni maganda makavu ya mahindi yanayokanyagwa kwa mikono ndani ya beseni. Moto ni karatasi ya nailoni ya biskuti ikifinyangwa taratibu karibu na maiki. Mvua ni mchele ukimwagwa kidogo kidogo juu ya sinia lililofunikwa kitambaa chepesi. Mlango ni mlango. Bodaboda na soko msivitengeneze: nendeni soko la Mwanjelwa asubuhi na kinasa sauti, simameni mahali pamoja dakika tano bila kusema, mtakuwa na soko la kutumia mwaka mzima. Hakikisheni tu hakuna muziki wa duka la jirani nyuma yake, kwa sababu utaleta kesi ya hakimiliki na pia utaruka ghafla kila mhariri anapokata.

Mlio usidumu. Sekunde tano hadi nane kwa nguvu, kisha ushuke chini ya mazungumzo, kisha upotee kabisa baada ya nusu dakika. Msikilizaji ameshaambiwa yuko wapi.

Mhariri akimaliza kwenye hedifoni nzuri, hajamaliza. Faili lipigwe kupitia redio ndogo ya betri au spika ya simu, sauti ikiwa chini, sufuria ikichemka. Spika ndogo haitoi besi: radi iliyotisha kwenye hedifoni inatoweka, ngoma ya mbali inatoweka, na muziki wa chini unabaki kama mbu. Radi ya redio iwe ya kupasuka, si ya kunguruma. Muziki unaopita chini ya maneno uwe chini yake kwa dezibeli 15 hadi 20, na ukiwa na shaka ushushe zaidi.

Muziki

Nyimbo za kibiashara zinahitaji leseni ya hakimiliki. Utaratibu wake unasimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na karatasi ya nyimbo zilizopigwa (jina, mwimbaji, mtunzi, dakika) ijazwe usiku uleule. Kesho yake hakuna anayekumbuka.

Fungu la saa 3:42 ndilo linaloitofautisha redio yenu na stesheni za Dar es Salaam, kwa hiyo lifanyieni kazi. Ngoma ya uwanjani: kinasa sauti kisimame mita tatu hadi nne kutoka kwa wapigaji, urefu wa kifua, upande waliko waimbaji. Ukikiweka katikati ya duara utapata ngoma moja na miguu. Wachezaji wenye njuga wasipite kati ya kinasa na mwimbaji. Waombe wacheze upande wa pili, watakubali. Upepo wa Uporoto na Kitulo huharibu rekodi kuliko kelele yoyote: vika kinasa sauti sifongo, na juu yake soksi nene ya sufu.

Ligombo ya Wahehe ni ala ya nyuzi yenye sauti ndogo na inataka kinyume chake. Ingia ndani, sogea sentimita 30, elekeza maiki kwenye kibuyu badala ya vidole. Kwenye vidole utapata makucha yakikwaruza nyuzi. Mwimbaji anayejipigia mwenyewe mpe maiki moja tu na umsogeze mpaka sauti na ala vilingane. Maiki mbili bila uzoefu hufanya sauti iwe nyembamba.

Rekodi wimbo mzima, hata ukiwa wa dakika 12. Ukimalizika, kinasa kikiwa bado kinakwenda, muulize kiongozi: wimbo unaitwaje, huimbwa lini, nani aliutunga kama anajulikana, maneno yanasemaje. Mwombe pia atamke jina lake, kijiji, tarehe na kwamba wamekubali utangazwe. Ridhaa ya sauti ndani ya faili haipotei kama karatasi. Posho ipatanwe kabla ya ngoma ya kwanza kupigwa, si baada.

Usiku wenyewe

Karatasi ya ratiba iwe nakala tatu: mtangazaji, fundi mitambo, na mpokea simu. Kila kipengele kiandikwe saa ya kuanza, urefu halisi kwa dakika na sekunde, jina la faili, maneno manne ya kwanza na manne ya mwisho. Maneno ya mwisho ndiyo humwokoa fundi asikate mazungumzo mzee anapovuta pumzi. Hesabu ifanywe kutoka mwisho: kama kufunga ni 4:22, dansi lazima lianze 4:12, na kadhalika kurudi nyuma.

Umeme. UPS (betri ya akiba) ya VA 1,000 hubeba laptop, mikisa na hedifoni mpaka jenereta liwake. Haibebi hita. Studio za Njombe na Makete hupigwa na baridi na kila mara kuna mtu wa kuchomeka hita au birika kwenye soketi iliyo wazi. Zibeni soketi za UPS kwa utepe wa gundi. Kama mtambo wa kurushia uko mlimani mbali na studio, umeme wake ni wa peke yake. Namba ya mwenye ufunguo wa pale iandikwe juu ya karatasi ya ratiba.

Simu moja isizidi sekunde 90. Mpokea simu azungumze naye kwanza: jina, mahali, anataka kusema nini, na redio yake ameipunguza. Asipoipunguza, sauti yake itamrudia na atababaika, au mtaanza kupiga mluzi hewani. Swali la mtangazaji liwe juu ya uamuzi wa mhusika: "Mama angefanya nini pale gulioni?" Swali la "Umeuonaje mchezo?" huleta "mzuri, hongereni" mara kumi.

Wasikilizaji waambiwe mara moja kwa usiku namna ya kusikia vizuri. Mawimbi ya FM hayapindi milima. Aliye nyuma ya mgongo wa Loleza au bondeni Makete asogeze redio upande wa dirisha linalotazama mtambo. Antena iliyovunjika ifungiwe waya wa sentimita 75. Kwenye simu nyingi waya wa hedifoni ndio antena, hivyo uchomekwe hata kama anasikilizia spika.

Kipindi kikiisha, kabla ya kuzima taa, hifadhini rekodi ya saa zote mbili na faili asilia za ngoma na mazungumzo. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha kijiji, kisha jina la mtu au kikundi. Nakala moja ibaki studio, ya pili ilale nyumba nyingine, na kijiji kilichoimba kipelekewe yake kwenye memori kadi wiki hiyohiyo. Mkirudi tena na kinasa sauti, watakuwa wameshaitana.